Kibera ama Kawangware ukiwa na mtoto anayekataa chupa: yaliyotupata wiki ya orientation

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini mkijifanya mko bize na mlioko kwenu mmelala.

Kila vyuo vikifungua, hapa jukwaani lazima kuwe na uzi wa "Kibera ama Kawangware, wapi poa kuishi?" Na majibu ni yale yale. Wa Kibera wanachambua Kawangware, wa Kawangware wanachambua Kibera, halafu mtu wa Rongai anaingia kutuambia sote tuhamie kwake.

Mimi sivutii upande wowote. Nitawaeleza nilichokiona na kusikia. Majina nimebadilisha, mengine nimeyaacha vile yalivyotokea. Na kama kuna mahali sikuwepo, nitawaambia sikuwepo.

Mimi ni fundi wa aluminium. Nafunga madirisha na milango ya vioo. Kazi hii ukikata kabla ya kupima, umeharibu, kwa hivyo hata nyumba natafuta hivyo hivyo. Naenda na maswali yale yale kila ploti ya vyumba vya kupanga, nasikiliza, naangalia choo, naangalia mtaro, nawauliza wapangaji wakati caretaker hayupo.

Sasa, mke wangu Kanini alipata nafasi katika chuo kimoja kando ya Ngong Road, kusomea kazi ya maabara. Hiyo nafasi ameitafuta tangu kabla hatujaoana. Ilipokuja, mtoto wetu Mumo alikuwa na miezi mitano.

Na Mumo hashiki chupa.

Tulijaribu zote. Chupa ya chuchu ndefu, ya chuchu fupi, kikombe, kijiko. Maziwa ya mama yake mwenyewe, yaliyokamuliwa, bado ya moto. Anaiangalia ile chupa vile mteja anaangalia dirisha lililopinda, kisha anageuza uso. Ukilazimisha, analia mpaka sauti inakauka.

Mama mkwe, kutoka Kitui, alisema kwa moyo safi kabisa, "Mleteni huku. Mbuzi wanakamuliwa na mimi niko."

Kanini akanijibu mimi badala ya kumjibu mama yake. "Mumo akienda Kitui, na mimi naenda Kitui."

Basi hesabu ilikuwa hiyo tu. Tupate nyumba karibu na chuo kiasi cha Kanini kutoka lunch, anyonyeshe, arudi darasani. Na tupate mtu wa kukaa na mtoto. Tukikosa kimoja, masomo yameisha kabla hayajaanza.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Mlolongo, na kutoka Mlolongo hiyo ni ndoto. Kwa hivyo wiki ya orientation, ile ya kuwapokea wanafunzi wapya, tulipewa kitanda na binamu yangu Nzioka, anayeishi Kabiro, Kawangware, na mke wake tunayemwita Mama Sharon. Mama Sharon ni mtu wa Bungoma, anauza nguo za mtumba, ana mdomo na ana moyo. Kanini akaenda chuo, mimi nikaomba ruhusa kazini, nikamfunga Mumo kifuani kwa leso, nikaanza kuzunguka.

Nianze na Kawangware, na niseme wazi: niliipenda.

Pale Kabiro nilipata chumba kwenye jengo la mawe, orofa ya kwanza. Maji yana siku zake lakini yakija yanakuja kweli, na kila mtu ana pipa lake mlangoni. Stima ni ya token, unanunua yako na unatumia yako. Sokoni unapata mboga imekatwa tayari, na ukitaka fundi wa kitu chochote, unauliza tu mtu wa kibanda. Nilisikia Kikamba kwenye ngazi mpaka nikageuka nikidhani nimeitwa. Caretaker, kijana anaitwa Kim, aliniambia, "Fathe, hii keja nakushikia mpaka Saturday. Baada ya hapo usinilaumu."

Daycare iko nyumba ya tatu kutoka hapo. Ya Teacher Rose. Niliingia nikakuta watoto wamelala kwenye godoro, safi, dirisha limefunguliwa, na yeye amekaa katikati yao anakunja nepi. Nilimwuliza maswali yangu yote. Akajibu yote. Halafu yeye akaniuliza moja.

"Huyu anatumia chupa?"

Nikamweleza.

Akatikisa kichwa. "Baba, mimi sitakudanganya. Mtoto asiyeshika chupa siwezi. Atalia, aamshe huyu, huyu aamshe yule, nitakuwa na kwaya hapa. Arudi akianza uji." Nilipokuwa natoka akaongeza, "Na usimpeleke kwa mtu atakayekuambia 'sawa' mbio mbio. Huyo atamnyamazisha na kitu hujui."

Nilimheshimu sana kwa hayo maneno. Bado namheshimu.

Siku ya pili tukajaribu ile safari ya lunch. Kanini alitoka chuo kwa miguu mpaka Kabiro. Alifika anahema, akakaa kitandani bila kuvua mkoba, Mumo akanyonya upande mmoja, upande wa pili haukumalizika. Akatoka mbio. Aliporudi chuo alikuta wenzake wameshagawanywa vikundi.

Jioni akasema, "Nitazoea."

Mama Sharon akamjibu, "Kuzoea ni kwa kiatu, mama. Hii ni njia."

Siku iliyofuata nikavuka upande wa Kibera.

Nilianzia Kisumu Ndogo kwa sababu kuna fundi mwenzangu alinielekeza huko. Watu wachangamfu, omena, wale dagaa wa ziwa, zimeanikwa zinameta, kila mtu anamsalimia mtoto kabla ya kunisalimia mimi. Chumba chenyewe kilikuwa kizuri lakini kilikuwa kati ya baa na kanisa, na vyote viwili vilikuwa na spika. Mwenye nyumba alikuwa mkweli. Akaniambia, "Hapa utazoea, lakini mtoto ndiye sijui." Nikamshukuru nikaendelea.

Nikapanda Makina.

Makina kwa wasioijua ndiyo Kibera ya zamani, upande wa Wanubi. Kuna misikiti, maduka madogo madogo, watu wanatembea tu. Ploti niliyoonyeshwa ina ua wa ndani, vyumba vinauzunguka, kuta za udongo zilizopigwa plasta na mabati juu. Maji ni ya kununua kwa mtungi. Stima inapotea ikitaka. Mvua ikinyesha, mtaro wa nje unajaa. Hayo niliyaona yote, siwafichi.

Lakini kutoka hapo mpaka chuoni ni karibu kiasi kwamba nilifika nikiwa bado nawaza kuanza kutembea.

Mwenye nyumba ni mama mzee wa Kinubi. Ploti nzima wanamwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha yao. Anaishi hapo hapo na mwanawe Juma, fundi wa gereji, na mke wa Juma, Zaina. Zaina ana mtoto wa kike, Rukia, anayemzidi Mumo kidogo.

Haboba akanitazama, mwanaume na mtoto kifuani.

"Mama yake yuko wapi?"

"Chuo."

"Vizuri. Na wewe unamlea?"

"Wiki hii."

"Wiki hii!" akacheka, akamwita Zaina aje aone.

Tulikuwa tumekubaliana na Kanini kwamba siku hiyo saa ya lunch nimpelekee mtoto kwenye geti la chuo. Nilikuwa bado naangalia paa la chumba mvua ilipoanza. Na hiyo si mvua ya kusubiri ipungue. Mtaro wa nje ukapanda, mlango wa ua ukawa ni mto. Sikuthubutu kutoka na mtoto.

Nikampigia Kanini. Simu imezimwa. Baadaye ndio nilijua walikuwa wanaonyeshwa maabara na waliambiwa simu zote zizimwe.

Mumo akaanza. Kwanza ule mlio mdogo wa kukumbusha. Halafu ule mwingine. Nikatoa chupa, maana nilikuwa natembea nayo kwa imani tu. Akaitema. Nikampapasa mgongo, nikamwimbia, nikamtembeza ukuta hadi ukuta. Akalia mpaka akaanza kukauka sauti, ule mlio ambao mdomo umefunguka na hakuna kinachotoka.

Zaina alikuwa amesimama mlangoni kwake na Rukia ubavuni. Niliona mbele ya dera lake kumelowa, na haikuwa mvua. Wakuu mlio na wake mnaonyonyesha mnaelewa. Mwili unasikia mtoto yeyote.

Akamwangalia mama mkwe wake. 

Haboba ndiye alisema. "Mtoto wa kiume?"

"Ndio."

"Sikiliza, baba. Zaina anaweza kumnyonyesha. Amepimwa kliniki, yuko sawa, na nyinyi?"

"Mama yake pia amepimwa, yuko sawa."

"Haya. Lakini kwetu hii si kama kumpa mtoto maji. Akinyonya hapa, yeye na Rukia ni ndugu. Zaina ni mama yake. Hawa wawili hawawezi kuoana, milele."

Wakuu, nilicheka. Na mtoto analia, nilicheka. Nikasema, "Haboba, hawa hata kukaa hawajajua."

Yeye hakucheka. "Unacheka? Mimi nimezaliwa Makina hii. Nimeona watu wakioana hapa ambao ungeapa hawawezi. Ndiyo maana tunauliza kwanza. Ningependa kumsikia mama yake."

Nikapiga tena. Imezimwa.

Zaina akampigia mume wake, akaweka loudspeaker ili nisikie. Nyuma ya simu kulikuwa na nyundo zinagonga chuma. Akamweleza. Mumo ndiye aliyekuwa anasikika kuliko sisi sote.

"Analia hivyo halafu mnanipigia mimi?" Juma akasema. "Mpeni mtoto anyonye!"

Haboba akanigeukia. "Na wewe?"

Nikasema ndio.

Zaina akachukua Mumo akaingia ndani, mlango ukarudishwa. Kile kilio kikakatika katikati, kama mtu amefunga bomba. Mimi nilibaki uani chini ya mabati, nimeshika Rukia, ambaye alinivuta ndevu kwa utulivu kabisa.

Mumo alipotolewa alikuwa amelala, mdomo umelegea.

Nyinyi watu wa afya mlioko humu, najua. Mtaniambia kunyonyesha mtoto wa mwenzio si jambo la kufanya hivi hivi, watu wapimwe na waulizwe vizuri. Ni kweli na nakubaliana nanyi. Naeleza lililotokea.

Jioni, Kabiro, nikamweleza Kanini. Nilifikiri atafurahi kwamba mtoto hakulala njaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza pole pole, "Walimwuliza mama mkwe wa huyo mwanamke. Walimwuliza baba ya Rukia. Walikuuliza wewe. Mimi je?"

"Simu yako ilikuwa imezimwa."

"Najua ilikuwa imezimwa. Nauliza, mimi je? Nimetoka asubuhi nikiwa na mtoto, nimerudi jioni mtoto ana mama mwingine. Hata jina la huyo mtu sikulijua mpaka sasa hivi."

 Mama Sharon alikuwa anapika ugali, akageuka na mwiko mkononi.

"Kwetu dada yangu akimnyonyesha mtoto wangu hata hatuambiani," akasema. "Lakini huyo si dada yako. Hapo nakuelewa, mama."

Kanini akamwangalia Mumo. "Tuchukue hiki cha Kim. Nitakimbia kila lunch. Miguu ni yangu."

Na mimi nilijua hataweza, na yeye alijua. Nilikuwa nimemwona siku ile akitoka mbio na mkoba begani. Lakini mtu akishasema hivyo humwambii "hutaweza". 

Ijumaa orientation iliisha mapema. Nilidhani tunaenda kumwona Kim. Kanini akaniambia, "Kwanza nipeleke kwa huyo mwanamke. Sitaki kukutana naye barabarani siku moja nisimjue."

Tukaenda Makina kwa miguu. 

Zaina alikuwa uani anakanda unga wa mandazi, mikono yote miwili nyeupe mpaka juu ya viwiko. Rukia alikuwa amelala kwenye mkeka. Haboba alikuwa kwenye kiti chake. Tulikaribishwa viti. Mimi nikakaa. Kanini akabaki wima, Mumo mgongoni.

Zaina ndiye alianza. Hakutoa salamu ndefu.

"Mama Mumo, nilijua utakuja. Ingekuwa ni mimi, ningekuja siku ile ile, na viatu mkononi."

Kanini akasema, "Asante kwa kumlisha." Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma.

"Usinishukuru bado, nisikilize. Alinyonya mara moja. Kuna masheikh wanasema mara moja haifungi kitu, mpaka iwe mara kadhaa. Ukitaka iishie hapo, inaishia hapo, na hakuna mtu hapa atakununia. Chumba mnaweza kuchukua bado. Mumo nitakaa naye, na ukichelewa nitambembeleza mpaka ufike. Lakini ziwa sitampa tena, hata alie vipi, mpaka mdomo wako wewe useme."

Haboba akaguna. "Masheikh wahesabu wao. Mimi nilimwona vile alilala."

"Mama," Zaina akamwambia, kwa heshima lakini kwa nguvu. "Mwache aseme mwenyewe."

 Kanini alikuwa anamwangalia Zaina, na nadhani ndio mara ya kwanza alikuwa anamwona kama mtu, si kama jambo nililomletea nyumbani.

Hapo Rukia akaamka vibaya. Akaanza kulia. Zaina akanyanyua mikono, unga unadondoka, akaanza kutafuta maji ya kunawa. Beseni lilikuwa tupu na mtungi uko ndani.

Niliona Kanini anaweka mkono kifuani, haraka, vile wanafanya maziwa yakishuka. Alikuwa hajamnyonyesha Mumo tangu asubuhi.

Akauliza, "Na huyu akinyonya kwangu, inakuwaje?"

Haboba akainua kichwa. "Inakuwa vile vile. Anakuwa wako."

"Hata akiwa mkubwa? Nikimwona anafanya ujinga njiani, naweza kumkanya?"

"Kumkanya tu? Akistahili, utamchapa."

Kanini akamfungua Mumo mgongoni, akanipa. Akainama, akamwinua Rukia kutoka kwenye mkeka. Lakini hakumnyonyesha. Alimgeukia Zaina, ambaye bado alikuwa amesimama na mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Nakuuliza wewe, mama yake. Nimpe?"

Zaina akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Mpe."

Ndipo mke wangu akakaa.

Mimi nilitoka nje na Mumo tukaangalia watu wakipita, maana pale ndani hapakuwa mahali pangu tena. Lakini niliwasikia wakicheka. Sijui walichekea nini na sikuwahi kuambiwa.

Tulihamia Makina. Nilimpigia Kim nikamwambia ampe mwingine kile chumba, akasema, "Fiti fathe, kuna dame alikuwa anakingoja." Teacher Rose nilirudi kumshukuru na nimewapelekea wazazi wawili kwake, wenye watoto wa chupa.

Siku nyingi Kanini anafika lunch. Siku asipofika, Mumo hajali. Na Zaina akiwa na safari yake ya mjini, Rukia anabaki kwetu. Hakuna mtu anayepiga simu kuuliza tena.

Mama mkwe wa Kitui ndiye niliyemwogopa zaidi. Kanini alimweleza mwenyewe, mimi sikuwepo. Nilichoona ni mzigo uliofika na gari la Kitui wiki iliyofuata: mfuko wa ndengu wetu, na mfuko mwingine mkubwa kuliko wetu, umefungwa kwa kamba, wa kupelekewa Zaina.

Mtaa upi ni bora basi? Ukiwa huna mtoto, ama wako anashika chupa, Kabiro ni pazuri na sitakudanganya. Maji, jengo la mawe, watu wakweli. Ukitaka karibu na chuo, na unaweza kuvumilia mtaro na giza la ghafla, Makina.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Nilikuwa na maswali mengi ya kuwauliza wenye nyumba, na nyumba nilizipima zote sawa sawa. Sikuwahi kufikiria kusikiliza wao wananiuliza nini. Teacher Rose aliuliza kuhusu chupa. Haboba aliuliza mama yake yuko wapi. Watu wanaokuuliza juu ya mtoto wako kabla ya kukuuliza juu ya kodi, hao kaa karibu nao, uwe upande wowote wa Ngong Road.

Na jambo la pili, wanaume wenzangu: simu ya mama ikiwa imezimwa, ile "ndio" unayosema wewe kuhusu mtoto bado ni nusu tu.

Haya, uwanja ni wenu. Waliolea watoto wakiwa chuo, mlifanyaje? Waislamu mlioko humu, mnirekebishe nilipoeleza vibaya mambo ya kunyonya. Wa Kawangware, msinitukane, nimewasifu. Na wewe wa Rongai, tumekusikia.